Mwenye Kusaidia Mbele ya Tanuru la Kioo

1. Mchanga uliopita motoni

Watoto, tazameni dirisha la darasa, miwani ya mwalimu, chupa ya dawa iliyo katika dispensari. Vitu hivi vyote ni kioo. Twavishika kila siku, lakini wachache huuliza vimetoka wapi. Kioo hakichimbwi mgodini kama shaba, wala hakikatwi mwituni kama mbao. Kioo ni mchanga uliopita motoni.

Si kila mchanga wafaa. Mafundi hutafuta mchanga mweupe, safi, usio na udongo. Mchanga huo peke yake hauyeyuki mpaka moto ufikie digri 1700 hivi, na moto wa namna hiyo ni mgumu kuupata. Kwa hiyo watu wa zamani walivumbua njia nyingine: walichanganya mchanga na magadi, nayo magadi huusaidia kuyeyuka kwa moto ulio mdogo zaidi. Lakini kioo cha mchanga na magadi tu hakidumu; maji hukila pole pole. Basi huongezwa chokaa, na chokaa hukipa kioo nguvu. Mchanga, magadi, chokaa: hayo ndiyo mambo matatu.

Mchanganyiko ukiisha kuyeyuka vizuri, moto hupunguzwa hata kufika digri 1100 hivi. Watu wa Katanga wanaojua kazi ya shaba watafahamu mara moja moto huo ni wa namna gani, kwani shaba yenyewe huyeyuka kwa digri 1085. Hapo kioo huwa kama asali: chang'aa rangi ya machungwa, chavutika, chatiririka, lakini hakikimbii kama maji. Wakati huo fundi aweza kukichota.

Kufanya kioo ni ufundi wa kale sana, lakini kukipuliza hakukuanza pamoja nao. Zamani fundi alitengeneza kiini cha udongo, akakizungushia kioo cha moto, kisha akautoa udongo ndani. Ilikuwa kazi ya siku nyingi kwa kichupa kimoja kidogo cha manukato, na matajiri tu ndio walioweza kukinunua. Kisha, yapata miaka 2000 iliyopita, katika karne ya mwisho kabla ya Kristu, mafundi wa pwani ya Siria na Palestina waliona kwamba kioo cha moto kikishikwa mwisho wa bomba chaweza kujazwa pumzi ya mtu. Pumzi moja yafanya tumbo la chupa. Tangu hapo hata watu wadogo katika nchi za Waroma walianza kunywa katika vikombe vya kioo.

2. Ufundi uliofungiwa ndani

Jambo lenye faida kubwa, watu hupenda kulificha. Mwaka wa 1291 serikali ya Venezia iliamuru matanuru ya kioo yaondolewe mjini, yapelekwe katika kisiwa cha Murano. Sababu moja ilikuwa hofu ya moto, kwani nyumba nyingi za mji zilikuwa za mbao. Lakini kisiwa kilifaa pia kwa kuchunga siri. Sheria zilikataza mafundi kuhamia nchi nyingine na ujuzi wao. Baba alimfundisha mwana, na mgeni alibaki nje.

Hata hivyo ufundi ulitoka, ukaenea Ulaya. Huko Ubelgiji, mwaka wa 1826, watu wawili, Kemlin na Lelièvre, walianzisha kiwanda cha Val Saint-Lambert huko Seraing, karibu na Liège, katika majengo ya monasteri ya zamani. Kiwanda hicho kilipata sifa katika nchi nyingi kwa bilauri na vyombo vyake vya kuchongwa.

Katika viwanda vya namna hiyo, mtu alijifunzaje? Alianza akiwa mtoto. Kundi la kazi lilikuwa na fundi mkuu mmoja, wasaidizi wawili watatu, na watoto. Mtoto alifungua na kufunga kalibu ya chuma; mwingine alichukua chupa za moto kwa uma mrefu na kuzikimbiza kwenye tanuru la kupoza. Alikimbia hivyo mchana kutwa, mara nyingine usiku kucha, jasho mwilini, na vipande vya kioo chini ya miguu. Mwaka wa 1908 mpiga picha Lewis Hine aliwapiga picha watoto wa viwanda vya kioo vya Marekani. Ukizitazama picha zile utaona nyuso za watoto wenye umri wa shule ya msingi, lakini macho yao yamechoka kama ya wazee.

Michael Owens naye alikuwa mtoto wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka wa 1859, akaingia kiwandani akiwa na miaka 10. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika mji wa Toledo, na mwanzoni mwa karne ya 20 akatengeneza mashine iliyofanya chupa yenyewe, bila pumzi ya mtu na bila mtoto wa kukimbia. Mashine hiyo ilisaidia sana kuwatoa watoto katika kazi ile ya taabu. Tuipe heshima yake.

Lakini kila jambo lina upande wake wa pili. Mashine zilipofanya chupa na bilauri kwa maelfu, mafundi wa mikono wakapungua. Waliobaki walikuwa ndani ya viwanda, na kila mmoja alijua sehemu yake. Mtu wa nje aliyependa kujifunza hakuwa na mlango wa kupiga hodi. Mzee mwenye ujuzi alikwenda kupumzika nyumbani, na ujuzi wake ukapumzika pamoja naye.

3. Mzee wa Toledo

Sasa sikieni habari ya darasa moja katika mji ule ule wa Toledo, jimbo la Ohio.

Harvey Littleton alizaliwa mwaka wa 1922 katika Corning, mji wa viwanda vya kioo. Baba yake alikuwa mtaalamu wa fizika katika kiwanda cha huko. Mwana hakufuata fizika. Akawa mwalimu wa ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Baadaye alisafiri Italia, akafika Murano, akaona mafundi wakifanya kazi mbele ya matanuru madogo. Hapo akapata wazo ambalo watu wengi wa kiwanda walilicheka: kama mfinyanzi aweza kuwa na tanuru lake nyumbani, kwa nini mtu wa kioo asiweze?

Mwezi wa Machi 1962 makumbusho ya sanaa ya Toledo yakampa kibanda katika uwanja wake. Wakakusanyika watu wachache, wengi wao wafinyanzi. Wakajenga tanuru dogo, wakaliwasha. Jaribio la kwanza la kuyeyusha kioo halikufaulu. Ndipo Dominick Labino, mkuu wa utafiti katika kiwanda cha nyuzi za kioo, akawashauri kulibadili tanuru, akawapa gololi za kioo zilizokuwa zimewekwa kwa kazi ya kufanya nyuzi. Gololi zikayeyuka vizuri. Kioo kikawapo.

Lakini kuwa na unga si kuwa na mkate. Nani atapuliza? Wale wafinyanzi walipokezana bomba, huyu akivuta, huyu akipuliza, kila mmoja akikisia. Hata siku ya mwisho, milango ilipofunguliwa watu waje kutazama, akafika mzee mmoja ambaye hawakumtazamia. Jina lake Harvey Leafgreen. Alikuwa amepuliza kioo katika kiwanda cha Libbey mpaka akastaafu. Mzee akashika bomba, akawaonyesha kazi kwa muda wa saa mbili.

Fikirini saa mbili hizo. Mambo aliyojifunza kwa miaka mingi, mengine ya mkono, mengine ya jicho, mzee aliyaweka mbele ya watu asiowajua. Angeweza kutazama, kutikisa kichwa na kurudi nyumbani. Angeweza kusema, "Kazi hii si ya watu wa chuo." Hakufanya hivyo.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule likafanyika darasa la pili. Littleton akaanza kufundisha kioo huko Wisconsin. Mmoja wa wanafunzi waliopitia huko, Dale Chihuly, alishiriki mwaka wa 1971 kuanzisha shule ya kioo ya Pilchuck, kaskazini ya mji wa Seattle. Siku hizi kuna madarasa ya wanaoanza katika miji mingi ya Marekani na Ulaya. Mkulima, karani, mama wa nyumbani, mwanafunzi, kila mmoja aweza kuja jioni na kushika bomba. Mwezi wa Desemba 2023 UNESCO iliuandika ufundi wa kioo cha mikono katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la nchi sita: Hispania, Hungaria, Ucheki, Ufaransa, Ufini na Ujerumani.

4. Msaidizi ni nani

Katika darasa la wanaoanza, mwalimu mmoja hatoshi. Kioo hakingoji. Mwanafunzi mmoja akiwa kwenye benchi na mwingine mbele ya tanuru, macho mawili hayawezi kuwaona wote. Kwa hiyo kuna msaidizi. Mara nyingi ni mtu aliyekuwa mwanafunzi miaka miwili mitatu iliyopita. Hajawa fundi mkubwa, lakini ameungua, amevunja, amejua mahali penye hatari.

Kazi yake ya kwanza ni kuwalinda watu. Kioo chenye rangi ya machungwa hakidanganyi. Kila mtu huona ni moto. Kioo kilichopoa hata digri 500 ndicho mwongo mkubwa. Kimerudi rangi yake, kimetulia, chafanana na bilauri ya mezani, lakini ukikigusa ngozi yabaki pale. Bomba nalo ni hivyo: upande mmoja waweza kulishika, upande wa pili waunguza. Kwa hiyo msaidizi huwaambia watu neno hili kabla ya neno lingine lolote: "Kila kitu humu ndani ni cha moto, mpaka uhakikishe kwamba si cha moto." Huwaambia wavae viatu vilivyofungwa, nguo za pamba, na miwani. Nguo za nailoni hukatazwa, kwani zikipata moto huyeyuka mwilini.

Kisha kazi yaanza. Mwanafunzi huingiza ncha ya bomba tanuruni, hulizungusha, na kioo hujifunga juu yake kama asali juu ya kijiti. Bomba lina urefu wa metre moja na nusu hivi. Akilitoa, hulipeleka juu ya meza ya chuma, akakiviringisha kioo kipate umbo na ngozi yake ipoe kidogo. Hupuliza, huziba tundu kwa kidole gumba, na hewa iliyofungiwa ndani hupata moto, hupanuka, ikafanya povu. Povu la kwanza hufurahisha watu wote. Hata mzee wa miaka 70 hucheka kama mtoto.

Baada ya povu yaja benchi. Fundi huketi, bomba limelala juu ya mikono miwili ya benchi, naye huliviringisha mbele na nyuma kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia hushika kijiko kikubwa cha mti kilicholowana maji, au gazeti lililokunjwa na kulowanishwa. Ndiyo, gazeti. Kioo cha moto hulala juu ya karatasi iliyojaa maji, mvuke huinuka katikati, na kiganja cha fundi hakiungui. Kisha huchukua koleo ndefu na kubana shingo.

Wakati huo wote msaidizi yu hapo. Hufungua mlango wa tanuru na kuufunga. Huweka ubao uliolowana kati ya moto na mkono wa mwanafunzi. Hupuliza mwisho wa bomba mwanafunzi anapokuwa amekaa. Huleta fimbo ya chuma yenye tone la kioo. Kazi hizi zote ni ndogo, na hakuna hata moja itakayoonekana katika kikombe kikiisha.

5. Mfinyanzi na kikombe chake

Tuchukue mfano. Mfinyanzi mmoja amekuja darasani. Mikono yake ina akili. Kwa miaka 20 amegeuza udongo kuwa vyungu, na watu humsifu. Mbele ya kioo ajikuta mtoto tena.

Udongo wapenda mkono. Ukikosea, waweza kuuacha chini ya kitambaa kilicholowana na kuurudia kesho. Kioo hakikubali mkono, wala hakijui kesho. Mfinyanzi akiona upande mmoja umevimba hutaka kusimama na kufikiri. Lakini akisimama, kioo chaanza kushuka. Basi kila anapofikiri, kikombe chalala upande. Msaidizi aona. Aona hata kabla mwenyewe hajaona, kwani bomba limepunguza mwendo.

Afanye nini? Aweza kunyosha mkono, akamate bomba, alizungushe mara tatu, na kikombe kitasimama. Ni jambo jepesi kwake. Watu watasema, "Msaidizi huyu ni hodari." Mfinyanzi atapata kikombe kizuri, atakipeleka nyumbani, atakiweka dirishani. Lakini kila akikitazama atajua moyoni kwamba si chake. Na jambo baya zaidi: mkono wake hautakuwa umejifunza lolote. Ni kama mtoto anayenakili hesabu za jirani. Daftari lina majibu, kichwa hakina.

Basi msaidizi mwema huweka mikono yake nyuma. Husema neno moja tu, "Zungusha." Akiona halikusikiwa husema tena, bila hasira, "Zungusha." Kioo chashuka, charefuka, chaanguka sakafuni kama tone kubwa, chapasuka. Watu wanyamaza. Mfinyanzi aona haya. Uso wake wawaka kuliko tanuru.

Hapo ndipo penye kazi halisi ya msaidizi. Haanzi kueleza kosa kwa maneno mengi, kwani mfinyanzi amekwisha kuliona. Hacheki, wala hasemi uongo kwamba kilikuwa kizuri. Afagia vipande, ampa bomba jingine lililopashwa moto, na kusema, "Twende tena." Mtu aliyeaibika hahitaji hotuba. Ahitaji bomba.

Lakini msiwaze kwamba msaidizi huacha kila jambo lianguke. Kuna wakati wa kukamata bila kuomba ruhusa. Kama mwanafunzi amegeuka na bomba la moto kuelekea uso wa jirani, msaidizi hasemi "zungusha". Hulishika mara moja, hata kama kikombe chavunjika. Kikombe chaweza kupulizwa tena, jicho haliwezi. Msaidizi mchanga huchanganya mambo haya mawili: huokoa vikombe, akasahau macho. Mwenye kukomaa huacha vikombe, akayalinda macho.

6. Kubeba kitu kisicho chako

Kikombe cha tatu cha yule mfinyanzi chasimama. Ni kinene, na mdomo wake umeinama upande kidogo, lakini chasimama. Sasa hatari kubwa yaja.

Kikombe bado kimeshikwa na bomba kwa upande wa mdomo. Kusudi mdomo ufunguliwe, lazima kihamishwe. Msaidizi huchota tone dogo la kioo kwa fimbo ya chuma, hulileta, na mfinyanzi huligandamiza chini ya kitako cha kikombe. Kama tone ni la moto mno, litashika daima na kutoboa kitako likitolewa. Kama limepoa mno, halitashika, na kikombe kitaanguka. Halafu mfinyanzi huweka tone la maji shingoni, hugonga bomba mara moja, na kikombe hukatika, kikahamia mkono wa msaidizi, kimeshikwa na fimbo yake tu. Kwa dakika moja hivi kazi yote ya mfinyanzi imo mikononi mwa mtu mwingine.

Kikombe hupashwa moto tena, mdomo hufunguliwa kwa koleo, kazi yakwisha. Msaidizi huvaa glovu nzito zilizokingwa moto, husimama chini ya kikombe. Pigo moja la fimbo, nacho huanguka katika glovu zake. Huenda upesi lakini bila kukimbia mpaka kwenye sanduku la kupoza, lenye moto wa digri 500 hivi, na kukiweka ndani. Kwa nini moto tena, nacho kimekwisha? Kwa sababu kioo kikiachwa mezani, ngozi ya nje hupoa mbele ya moyo wa ndani. Nje yajikaza, ndani bado yataka kwenda. Ugomvi huo haukomi. Usiku, watu wakilala, kikombe kilichofanywa vizuri chaweza kupasuka peke yake, pah! Katika sanduku moto hupunguzwa pole pole usiku kucha, ndani na nje vikapoa pamoja.

Hatua zile kumi kutoka benchi hadi sanduku ni fupi, lakini msaidizi huzihofu kuliko kazi zote. Akivunja kitu chake, ni shauri lake. Akivunja kitu cha mwenzake, aliyekianguka na kukirudia mara tatu, atasema nini? Hapo hajivunii ujuzi wake. Atazama sakafu, atazama mlango, ahesabu hatua. Mtoto aliyetumwa na mama yake kubeba mayai kutoka sokoni ajua habari hiyo.

Kesho yake sanduku lafunguliwa. Kikombe chatoka, baridi, kisafi, chenye kuinama. Katika maduka mashine imefanya vikombe vilivyonyoka zaidi, na kwa bei ndogo. Mfinyanzi akishika kile chake kwa mikono miwili, hakiulizi bei. Aona mahali alipositasita, mahali alipozungusha, mahali pumzi yake ilipoingia. Ndani ya kioo kuna mapovu madogo mawili ya hewa. Nayo yatabaki humo. Msaidizi hapewi chochote, na jina lake halimo katika kikombe. Lakini siku nyingine mwalimu atakosa msaidizi, na yule mfinyanzi ndiye atakayeitwa kufungua mlango wa tanuru kwa ajili ya mgeni mwenye kutetemeka. Hapo ndipo itakapojulikana kama alifundishwa vema.

Wazee husema: Samaki mkunje angali mbichi. Kioo nacho hukunjwa kikiwa moto, kikipoa hakikunjiki. Watu hawako hivyo kabisa. Yule mfinyanzi alikuwa mtu mzima, amezoea kusifiwa, na hata hivyo alijifunza. Mzee Leafgreen alikuwa amekwisha kustaafu, na hata hivyo alifundisha. Lakini wote wawili walihitaji mtu wa pili mbele ya tanuru: mmoja mwenye kukubali kuwa mjinga, na mmoja mwenye kukubali kusimama pembeni.

7. Jambo la kutazama nyumbani

Leo mkifika nyumbani, chukueni chupa tupu na kuigeuza pole pole mbele ya mwanga. Mkiona mstari mwembamba unaopanda ubavuni mpaka mdomoni, chupa hiyo imefanywa na mashine. Mstari ni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kama mkipata siku moja chombo cha kioo kisicho na mstari, kigeuzeni mtazame kitako chake. Huenda mkaona kovu la mviringo, kubwa kama kifungo cha shati. Mafundi wengine hulisugua mpaka likawa laini, wengine huliacha. Hapo ndipo fimbo ya chuma iliposhika. Mtu mmoja alikipuliza chombo kile, na kovu lile laonyesha kwamba mtu mwingine alisimama karibu naye, akamshikia.